Mwacheni Aliyesimama Kando ya Tajiri

Wajukuu zangu, kaeni kitako. Tangu jana nawasikia mkibishana juu ya filamu ya ukoo wa Gucci: nani alimpenda nani kwa dhati, nani alifuata mali, mke alimwambia nini mumewe walipokuwa wawili tu chumbani. Mnasema kwa uhakika kama watu waliokuwa uvunguni. Haya ninayotaka kuwaambia niliwaambia wazazi wenu, nikawaambia kaka zenu, na sauti yenyewe sasa imechoka. Lakini mtu mzima hasusi kusema. Nisikilizeni.

Yaliyothibitishwa mahakamani ni machache, na yanatosha kumtoa mtu machozi. Maurizio Gucci alipigwa risasi mjini Milan asubuhi ya tarehe 27 Machi 1995, mlangoni pa ofisi yake, mtaa wa Via Palestro. Bawabu wa jengo lile naye alipigwa, akapona. Mwaka 1998 mtalaka wa marehemu, Patrizia Reggiani, alitiwa hatiani kwa kuwakodi wauaji. Nyuma ya Maurizio na Patrizia walibaki mabinti wao wawili. Mwaka 2021 Ridley Scott akaleta House of Gucci, na humo wale mabinti wamekuwa mmoja. Allegra, mdogo wao, hayumo. Sisemi mwongozaji alikuwa na nia mbaya. Kisa ni kirefu, muda ni mfupi, na mtoto mmoja ni mwepesi kumwongoza kuliko wawili. Lakini fikirini kidogo. Msichana amempoteza baba kwa risasi na mama kwa kifungo, kisha dunia nzima inaingizwa nyumbani kwao kwa tiketi, na yeye hakuzaliwa humo.

Mwezi Novemba mwaka ule warithi wa Aldo Gucci, ami yake Maurizio, walitoa tamko wakalalamika kwamba hakuna aliyewauliza lolote, na wazee wao wameonyeshwa kama wahuni wasio na akili wala utu. Wengi walilisoma wakapita. Matajiri hao, walisema, wana nini cha kulalamikia?

Hoja hiyo naijua, na nyinyi mnayo midomoni, naiona. Tajiri ana mawakili, ana marafiki serikalini, hahitaji huruma ya mtu anayehesabu nauli. Ni kweli. Mimi simlilii tajiri. Ninacholia ni kwamba katika filamu hizi mshale hulengwa kwa tajiri, na mara nyingi humchoma aliyesimama kando yake.

Chukueni Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1941 na inayosifiwa hadi leo. Marekani nzima ilijua kwamba yule Charles Foster Kane ni William Randolph Hearst, mwenye magazeti, mwenye kasri kubwa juu ya kilima huko San Simeon, California. Hearst mwenyewe alijua. Magazeti yake yalipigwa marufuku kuitaja filamu ile. Mkuu mmoja wa Hollywood, Louis B. Mayer, alikuwa tayari kulipa gharama zote ili nakala zichomwe moto. Sasa Hearst huyu alikuwa amekuza utajiri wake kwa kuanika maisha ya wenziwe kurasa za mbele, na anayesema kwamba alivuna alichopanda, sitambishia.

Lakini ndani ya filamu yumo Susan Alexander, mke wa pili wa Kane. Mwimbaji asiye na sauti. Mumewe anamjengea jumba la opera, anamsukuma jukwaani, watu wanamcheka. Anaishia kulewa, na kukaa sakafuni katika kasri lile kubwa akiunganisha vipande vya picha ili siku iishe, mpaka anafunga mizigo na kumwacha mzee. Watu wakasema mara moja: huyu ni Marion Davies, yule mwigizaji aliyeishi na Hearst miaka zaidi ya 30 bila ndoa, kwa kuwa Hearst alikuwa na mke ambaye hawakuachana.

Marion kweli alipenda kuunganisha vipande vya picha. Marion kweli alikunywa. Hayo mawili yalitosha kumvisha yote yaliyobaki. Lile jumba la opera halikumhusu kabisa. Kule Chicago tajiri Samuel Insull ndiye aliyejenga jumba la opera, na tajiri mwingine, Harold McCormick, ndiye aliyehangaika kumfanya mkewe Ganna Walska awe mwimbaji mkubwa. Mtunzi aliokota huku na kule akachanganya, kama watunzi wote wafanyavyo. Mtazamaji hakuwa na njia ya kuchambua.

Na Marion wa kweli? Alikuwa bingwa wa kuchekesha. Asiyeniamini aitafute Show People ya mwaka 1928, aone uso ule unavyobadilika bila hata neno moja kusikika. Miaka ya 1930 Hearst alipozama kwenye madeni, Marion aliuza vito vyake na mali nyingine akampa dola milioni moja. Yule wa filamu alimkimbia mzee. Huyu wa kweli alikaa naye hadi pumzi ya mwisho, Agosti 1951. Asubuhi ile alikuwa amelala, amepewa dawa za kumtuliza. Alipoamka, mwili ulikwishaondolewa na jamaa wa marehemu. Mazishini hakuwepo. Naye akafariki mwaka 1961. Mwaka 1975 kumbukumbu zake zilipochapishwa, Welles mwenyewe ndiye aliyeandika dibaji, akasema wazi kwamba Susan si Marion, na kwamba Marion alikuwa mwanamke wa kipekee. Maneno mazuri, na nina hakika aliyasema kwa moyo. Aliyeyahitaji alikuwa kaburini miaka 14. Na ile filamu bado inafundishwa vyuoni, wakati dibaji ile, niambieni, nani kati yenu alikuwa amewahi kuisikia?

Kuna la pili, na hili linaniuma zaidi.

Julai 1973, mjini Roma, kijana wa miaka 16 alitekwa nyara. Aliitwa John Paul Getty, wa tatu kwa jina hilo. Babu yake alikuwa J. Paul Getty, tajiri wa mafuta, aliyewahi kutajwa kuwa mtu tajiri kuliko wote duniani. Watekaji walitaka dola milioni 17. Babu akakataa, akisema akilipa kwa huyu basi wajukuu wengine wote watatekwa. Kijana alifichwa huko Calabria miezi mitano. Walimkata sikio wakalituma kwa posta kwa gazeti moja la Roma, na kwa kuwa wafanyakazi wa posta walikuwa wamegoma, bahasha ile ikakaa njiani. Mwishowe zililipwa dola kama milioni 2.2, na sehemu ya fedha hizo babu alimkopesha mwanawe wa kumzaa kwa riba ya asilimia 4. Kijana akaachiwa mwezi Desemba. Hakuwa tena mtu mzima wa afya. Mwaka 1981 dawa na pombe vilimletea kiharusi, akapooza, macho yakakaribia kuzima, maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Mama yake ndiye aliyemuuguza. Alifariki mwaka 2011, ana miaka 54.

Ridley Scott alikitengenezea filamu kisa hiki mwaka 2017, All the Money in the World. Humo mzee Getty anakufa usiku ule ule mjukuu anapookolewa. Ukweli ni kwamba alikufa Juni 1976. Hilo mimi nalisamehe. Mwandishi alitaka hesabu za huyu na za yule zifungwe siku moja, na mwishoni filamu inaandika kwamba baadhi ya mambo yamebuniwa. Lakini Machi 2018 kituo cha televisheni cha FX kikaleta tamthilia ya Trust juu ya kisa hicho hicho, na humo kijana anashiriki kupanga kutekwa kwake mwenyewe. Uvumi wa namna hiyo ulikuwepo Roma tangu siku za mwanzo, sikatai. Dada yake, Ariadne Getty, alilalamika vikali kupitia wakili kwamba ndugu zake wanasingiziwa. Mtoto aliyekatwa sikio akiwa amefungwa anaambiwa alijitakia, na anaambiwa akiwa ameshakufa.

Mtasema, si waende mahakamani? Marekani na Uingereza sheria ya kashfa haimtetei marehemu. Na aliye hai naye afadhali yake ni ndogo. Olivia de Havilland, mwigizaji mkongwe, alikishtaki kituo hicho hicho kwa tamthilia ya Feud, iliyomwonyesha akitoa mahojiano ambayo hakuwahi kuyatoa na akimtukana ndugu yake. Machi hiyo hiyo ya 2018 mahakama ya rufaa ya California iliitupa kesi, bibi ana umri wa miaka 101. Majaji wanalinda uhuru wa msanii, na mimi sitaki uondolewe; uhuru usipokuwepo, akina Hearst watachoma kila kisichowapendeza. Ndiyo maana siongei na majaji. Naongea nanyi mnaotazama, na hasa mnaotaka kutunga.

Dini imetufundisha kwamba kumsema mtu nyuma yake kwa jambo alilonalo ni ghiba, na kumzulia asilokuwa nalo ni buhtani, na kwamba anayemtuhumu mwanamke kwa jambo la aibu alete mashahidi wanne. Sikuona mahali paliposemwa kwamba akiwa tajiri, au hawara wa tajiri, masharti yanalegezwa. Na huku kwetu jambo linazidi. Kwenye kibanda umiza mtafsiri anaongeza lake juu ya la mwandishi, kwa sauti tamu, na mtu anatoka pale akiapa kwamba fulani wa Ulaya alimfanyia mkewe hivi na hivi. Ukimuuliza umejuaje, anakujibu: nimeona.

Sikatazi filamu juu ya wenye mali. Aldo Gucci alifungwa Marekani mwaka 1986 kwa kukwepa kodi. Hilo lipo kwenye hukumu, lionyesheni mpaka watu wachoke. Mzee anayemtoza mwanawe riba ili kumkomboa mjukuu, mwonyesheni. Magazeti yanayofungwa midomo na mwenye magazeti, yaonyesheni. Hayo yanatuhusu sote, kwa kuwa fedha zile zinagusa watu wengi. Chumbani kwao sisi hatuna haki napo. Na ukibuni, buni mpaka mwisho: badili jina, badili mji, badili kazi, ili asiwepo mtu wa kunyooshewa kidole sokoni.

Na wewe mdogo wao, unayejifunza kuandika filamu, baki hapo. Nimesikia umeanza kuandika juu ya yule marehemu aliyekuwa na mabasi, na umeweka mandhari ya mke mdogo akimwekea kitu kwenye chai. Umetoa wapi? Barazani. Mama yule yu hai, watoto wake wanasoma shule moja na wa dada yako. Habari za mabasi, madereva waliokuwa hawalipwi, ajali za mlimani, hizo ni haki yako, na waliopanda mabasi yale watakueleza mpaka daftari lijae. Ya chai yafute leo. Ukiona huwezi kuendelea bila mke mdogo, nenda kwake kwanza, fuatana na shangazi yako, bisha hodi mchana kweupe, mwambie unachotaka kuandika. Akikataa, shukuru kwa adabu uondoke. Akikubali kusema, sikiliza, na simu uiache kwa shangazi.