Nani Mwenye Hatia Deni Lisipolipwa?

Mtu mzima akikopa kwa hiari yake, akaahidi kulipa, kisha siku ya malipo ikamkuta mikono mitupu, je, ametenda kosa? Wengi wetu tutajibu kwamba ametenda, wala hatutangoja kuulizwa mara ya pili. Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyolelewa. Dini nazo hazikulichukulia deni kuwa jambo jepesi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamswalie wenyewe, na yeye hakumswalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Katika Injili ya Mathayo, sala ambayo Wakristo wanaijua kwa moyo inaweka dhambi na deni katika mizani moja. Lakini vitabu hivyo hivyo vina upande wa pili. Sura ya Al-Baqara inaagiza kwamba mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka apate nafuu, na kumwachia deni kabisa kunatajwa kuwa ndiyo heri zaidi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba. Sura ya At-Tawba, inapoyataja makundi manane yanayostahili zaka, inawaingiza wenye madeni miongoni mwao. Yawezekanaje deni liwe zito kiasi cha kusimamisha swala ya jeneza, na wakati huo huo litengewe fungu rasmi katika mali ya jamii? Nashikilia kwamba mambo haya mawili hayapingani, na kwamba kinachoyaunganisha ni wajibu tunaoupuuza mno: kumjua mdaiwa, na kujua alivyoingia katika deni, kabla ya kumhukumu. Sijui maisha ya mtu wa siku zetu yanayoonyesha wajibu huo kwa uwazi kuliko ya Elizabeth Warren, profesa wa sheria aliyegeuka mtetezi wa walaji na hatimaye seneta wa Marekani.

Warren alizaliwa Oklahoma City mwaka 1949. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alipata ugonjwa wa moyo, mapato yakakatika, gari la familia likachukuliwa, na mama yake akaenda kupokea simu katika duka la Sears kwa kima cha chini cha mshahara. Mtu angedhani kwamba aliyeyaona hayo utotoni angewahurumia wadaiwa tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa aliandikishwa kuwa mfuasi wa chama cha Republican, na kwa maelezo yake mwenyewe, alipoanza kuwachunguza waliofilisika alikusudia kuwaanika walaghai. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya ufilisi mwaka 1978, na wakosoaji walidai imelegezwa mno, kwamba watu sasa wanakopa, wanatumia, kisha wanakimbilia mahakamani kufutiwa. Mwaka 1981 Warren, pamoja na mwanasosholojia Teresa Sullivan na mwanasheria mwenzake Jay Westbrook, walifanya jambo ambalo wanazuoni wa sheria wa wakati ule hawakuwa na desturi nalo. Badala ya kukaa maktaba na kusoma hukumu za majaji, walikwenda mahakamani, wakisafiri na mashine ya kunakili karatasi, na kuchukua nakala za majalada zaidi ya 1,500 katika majimbo ya Illinois, Pennsylvania na Texas.

Inafaa kulitazama jalada la namna hiyo kwa karibu. Anayeomba kutangazwa amefilisika hana pa kujificha, maana fomu zinamtaka aorodheshe, chini ya kiapo, kila alicho nacho: nyumba kama ipo, gari na thamani yake, fedha zilizobaki benki, vyombo vya ndani, nguo, vito. Ukurasa mwingine unaorodhesha kila anayemdai na kiasi anachodai, hospitali, benki, kampuni ya kadi, duka la samani. Ukurasa mwingine tena unaonyesha kinachoingia kwa mwezi na kinachotoka. Ni maisha ya mtu yaliyokunjuliwa mbele ya karani. Watafiti watatu waliposoma kurasa hizo jalada baada ya jalada, yule mlaghai waliyemtazamia hakutokea kwa wingi uliotarajiwa. Waliojitokeza walikuwa watu wa kazi za kawaida, wenye elimu ya kawaida, wengi wao wakiwa na nyumba walizokuwa wakizilipia, ambao ajira, afya au ndoa ilikuwa imevunjika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1989, na jina lake, As We Forgive Our Debtors, limetolewa katika sala ile ile ya Mathayo. Warren alilelewa katika kanisa la Methodist na amewahi kufundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo jina hilo halikuokotwa njiani. Ninachokithamini zaidi ni mpangilio wa matukio: huruma yake ilikuja baada ya maarifa, na ilikuja kinyume cha matarajio yake. Huruma ya aina hiyo ni vigumu kuiita udhaifu wa moyo.

Msomaji makini atauliza: je, maarifa yenyewe ni ya kuaminika? Swali hilo lina haki yake. Mwaka 2005 Warren na wenzake, David Himmelstein, Deborah Thorne na Steffie Woolhandler, walichapisha utafiti uliosema kwamba karibu nusu ya waliofilisika Marekani walifikishwa huko na ugonjwa na gharama zake. Mwaka uliofuata David Dranove na Michael Millenson walizichambua upya takwimu hizo wakapata asilimia 17 tu. Tofauti hiyo si ndogo, na wanasiasa waliotumia ile namba kubwa bila tahadhari walikosea. Lakini tuangalie ugomvi ulihusu nini. Mtu anaugua, anakosa kazi kwa miezi mitatu, anatumia kadi kununua chakula, ndoa inayumba, kisha anafilisika. Je, ugonjwa ndio uliomfilisisha, au kadi, au talaka? Mwenye kuhesabu kwa kanuni kali atauhesabu ugonjwa pale tu ulipokuwa chanzo kikuu. Mwenye kuhesabu kwa kanuni pana atauhesabu kila ulipogusa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegundua kwamba majalada yamejaa walaghai. Kwa swali letu la hatia, hilo ndilo lenye uzito.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema kwamba msamaha unazaa uzembe. Ukimfutia mmoja, wa pili atakopa bila woga, na wa tatu, mlipaji mwaminifu, ndiye atakayebeba gharama kwa riba kubwa zaidi. Hoja hii ndiyo iliyoshinda bungeni. Warren aliitwa mwaka 1995 kuishauri tume ya kitaifa ya kupitia sheria za ufilisi, akapambana kwa miaka kumi na mawakili wa benki na kampuni za kadi, na akashindwa: mwaka 2005 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoubana sana mlango wa ufilisi. Tunaweza basi kuipima hoja hiyo kwa matokeo. Mwaka 2005 maombi yalizidi milioni 2, kwa kuwa watu walikimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Mwaka uliofuata yakaporomoka. Kisha ukaja msukosuko wa uchumi, na kufikia mwaka 2010 maombi yalikuwa yamepanda tena hadi takriban milioni 1.5, chini ya sheria ile ile kali. Kama ulegevu wa sheria ndio uliokuwa ukiwavuta watu, ukali wake ungewazuia. Walichofuata watu ni kupotea kwa kazi na kuanguka kwa bei za nyumba. Sikatai kwamba wapo wanaotumia vibaya msamaha. Kila rehema ina wezi wake. Nakataa kwamba idadi yao inatupa ruhusa ya kuwahukumu wengine wote kwa sura yao.

Hadi hapa tumemwangalia mdaiwa peke yake. Hatua ya pili ya Warren, ile iliyomtoa darasani, ilikuwa kuugeuzia uso mkataba wenyewe, na hapo ndipo falsafa ya jambo hili inapoingia kina. Ahadi inamfunga mtu kwa sababu aliitoa akijua. Mwaka 1978, katika kesi ya benki ya Marquette, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo yalipo makao yake. Kampuni za kadi zikahamia majimbo yaliyoondoa ukomo wa riba, na vizuizi vya karne nyingi dhidi ya riba ya kunyonya vikabaki maandishi matupu. Warren alionyesha kwamba mkataba wa kadi ya mkopo, uliokuwa ukurasa mmoja hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulifika zaidi ya kurasa 30 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mikopo ya nyumba iliuzwa ikiwa na riba ndogo kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha ikaruka ghafla mwaka wa tatu. Msomaji wa Dar es Salaam anayejua kilio cha waliochukua mikopo ya kausha damu hahitaji kuelezwa zaidi. Mafaqihi wa Kiislamu waliliona tatizo hili zamani: mbali na kukataza riba, walibatilisha mauziano yenye gharari, yaani yale ambayo upande mmoja haujui unachokipata wala unachokitoa. Anayeuza kitu kilichofichwa hawezi kugeuka na kudai haki ya ahadi iliyo wazi.

Ndipo Warren alipoandika, mwaka 2007, ile hoja iliyokuja kuwa taasisi. Alisema sheria haimruhusu mtu kuuza kibaniko cha mkate chenye uwezekano wa moja kwa tano wa kulipuka na kuunguza nyumba, lakini inamruhusu kuuza mkopo wa nyumba wenye uwezekano huo huo wa kuitupa familia barabarani. Mwaka uliofuata mikopo hiyo ikauangusha uchumi. Warren akawekwa kuongoza jopo la kusimamia mfuko wa dola bilioni 700 za kuziokoa benki, na tarehe 21 Julai 2010 Rais Obama akatia saini sheria iliyounda Ofisi ya Ulinzi wa Kifedha wa Walaji. Warren aliijenga tangu msingi, ila maseneta wa Republican walipinga asiiongoze, na kiti akapewa Richard Cordray. Mwaka 2012 aligombea useneta wa Massachusetts na kushinda.

Atakuja mtu aseme: mtu mzima aliyetia saini asitendewe kama mtoto, ukimlinda na mkataba wake umemvunjia heshima. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami singetetea sheria inayomkataza mtu kukopa. Lakini kumheshimu mtu mzima ni kumpa anachohitaji ili aamue kama mtu mzima. Mkataba ulioandikwa ili usisomeke unamdharau kuliko sheria yoyote. Wengine watasema msomi akiingia siasa amekiuza kipimo chake, na ni kweli kwamba jukwaa la kampeni halina subira ya jalada. Hata hivyo rehema iliyoachwa mikononi mwa mdai mmoja mmoja ni bahati nasibu: aliyeangukia kwa mpole ataachiwa, aliyeangukia kwa mkali atafilisiwa mpaka godoro. Zaka iliwekewa fungu la wadaiwa kwa sababu hiyo, na maachilio ya mwaka wa saba yaliwekwa kuwa amri. Hata waasisi wa Marekani waliandika katika Katiba kwamba Bunge lina mamlaka ya kutunga sheria za ufilisi kwa nchi nzima. Robert Morris, aliyetafuta fedha za vita vya uhuru, alikaa jela ya wadaiwa Philadelphia kuanzia mwaka 1798 hadi 1801, na sheria ya ufilisi ya mwaka 1800 ilisaidia kumtoa. Anayetaka rehema iwe sheria hana budi kwenda zinakotungwa sheria, akijua kwamba zinaweza pia kutanguliwa. Ile ofisi ya walaji, iliyowarudishia watu zaidi ya dola bilioni 19, iliamriwa na uongozi mpya kusimamisha kazi zake Februari 2025.

Limebaki pingamizi moja ambalo naliona gumu kuliko yote. Januari 2020, Warren akigombea urais kwa ahadi ya kufuta sehemu kubwa ya madeni ya wanafunzi, baba mmoja alimfuata Iowa. Alisema alijibana, akaweka akiba, binti yake akamaliza masomo bila deni. Je, naye atarudishiwa fedha zake? Warren akamjibu kwamba hapana. Baadaye alieleza kwamba kwa mantiki hiyo hata hifadhi ya jamii isingeanzishwa, kwa kuwa haikuwapo wiki iliyotangulia. Jibu hilo ni sahihi, ila halikumfikia yule baba. Malalamiko yake yalikuwa yale ya kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyefanya kazi miaka yote bila kufanyiwa karamu. Baba huyo hakukosea kuhisi kwamba msamaha wa jumla, unaotolewa kwa kalamu moja kwa mamilioni, unaruka ile hatua ya kumjua mdaiwa. Majalada 1,500 ya mwaka 1981 yalikuwa na nguvu kwa sababu kila moja lilimtaka mwenye deni aweke kila kitu mezani. Deni la mwanafunzi karibu limefungiwa nje ya utaratibu huo: tangu miaka ya 1970 sheria imezidi kuzuia lisifutwe kwa ufilisi, na ile ya mwaka 2005 ikajumuisha hata mikopo ya masomo ya makampuni binafsi. Mpango wa Rais Biden wa msamaha wa jumla ulibatilishwa na Mahakama Kuu Juni 2023. Lakini Warren ana pendekezo jingine, na kwangu ndilo bora. Desemba 2020, pamoja na mbunge Jerry Nadler, aliwasilisha mswada wa kuurekebisha ufilisi ambao ungeliruhusu deni la mwanafunzi lifutwe mahakamani kama deni jingine, kwa mtu kujiorodhesha chini ya kiapo na kuonyesha kwamba hana. Mswada huo ungempa yule baba wa Iowa kitu ambacho msamaha wa jumla haukumpa, yaani uhakika kwamba kila aliyesamehewa alikaguliwa kwanza. Bunge halikuupitisha.