Haki Katika Siku za Upungufu

Ni jambo jepesi kuwa mkarimu wakati ghala limejaa. Tabia ya mtu, na tabia ya chuo vilevile, hujulikana siku ile ghala linapopungua na mikono ya wengi inapoelekea kwenye kapu moja. Swali la insha hii ni hili: fedha za chuo zikipungua, nani apunguziwe? Na hasa, je, yafaa huduma za wanafunzi wenye ulemavu zihesabiwe pamoja na vitu vinavyoweza kupunguzwa, kama vile rangi ya kuta, maua ya bustani na chai ya mikutano?

Sitaki msomaji anidhanie kuwa hakimu aliyekaa mbali na kosa. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya bajeti ya chuo nilichokuwa nikifundisha. Tuliletewa habari kwamba fungu letu limepungua, na kwamba kabla ya jioni kila idara haina budi kutoa moja ya kumi ya matumizi yake. Tulifurahi kupata kanuni nyepesi namna ile. Moja ya kumi kwa kila idara: hapana aliyependelewa wala aliyeonewa. Kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu kilikatwa kama vingine. Niliinua mkono wangu pamoja na wenzangu, nikaenda nyumbani moyo umetulia.

Muhula uliofuata nilikuwa na mwanafunzi asiyeona katika darasa langu la ushairi. Alikuwa hodari wa kusikiliza. Mizani za ubeti zikizidi au zikipungua, yeye alikuwa wa kwanza kutambua. Lakini karatasi za nukta nundu zilikuwa zimekwisha, na mtu aliyekuwa akigeuza vitabu katika maandishi hayo alikuwa amekwenda zake, maana mkataba wake haukufanywa upya. Kitabu cha kozi kilimfikia mwanafunzi huyu juma moja baada ya mtihani. Alifaulu kwa nguvu ya masikio na kumbukumbu, kwa alama zilizo chini ya akili yake. Alikuja ofisini kwangu kitabu kikiwa kifuani, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kushukuru, kitabu kimefika." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa shukrani au kejeli. Najua tu kwamba nilistahili kejeli, na shukrani iliniuma zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama upya lile fungu la kumi. Ukipunguza moja ya kumi ya maua, bustani hubaki bustani. Bali daraja la hatua kumi likikatwa hatua moja halipungukiwi sehemu ya kumi. Limeharibika lote, maana kazi ya daraja ni kufika ng'ambo. Huduma tunazozisema ni za namna ya daraja. Njia ya mteremko inayokoma kidato kimoja kabla ya mlango haimwingizi mwenye kiti cha magurudumu. Mkalimani wa lugha ya alama akiondolewa katika mihadhara ya juma moja, kiziwi hukosa juma zima, na la pili lililojengwa juu ya la kwanza humpotea pia. Tena, kitengo chenye watumishi watatu hakiwezi kutoa moja ya kumi ya mtu. Hutoa mtu mzima, na kazi yake huondoka naye. Basi usawa wa hesabu si usawa wa mzigo. Sisi tulikata sawasawa, lakini hatukuumia sawasawa.

Chini ya kosa hili pana kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni kuita deni kwa jina la hisani. Tazama darasa lolote jioni. Taa zinawaka, na chuo hulipia umeme wake kila mwezi. Asiyeona hazihitaji taa zile. Zimewashwa kwa ajili ya wenye macho. Tazama ngazi: zimejengwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya wenye miguu. Sikiliza kipaza sauti: kimenunuliwa kwa ajili ya wenye masikio. Lakini sijaona bajeti iliyoandika taa, ngazi na kipaza sauti chini ya kichwa cha huduma maalumu. Mahitaji ya wengi huitwa jengo, na mahitaji ya wachache huitwa msaada. Na msaada, kwa desturi ya binadamu, ndio wa kwanza kukatwa.

Sheria zimekwisha sema neno hili kwa sauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 24, wataka elimu ya juu ipatikane kwao bila ubaguzi, pamoja na marekebisho yafaayo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazungumza habari hiyo katika kifungu cha 54. Lakini sheria ni mbegu, na bajeti ndiyo mvua. Mbegu njema katika ardhi kavu haimshibishi mtu.

Yafaa tukumbuke pia hasara ya kufunga mlango. Taha Hussein wa Misri alipoteza macho utotoni, lakini mwaka 1914 alipata shahada ya udaktari mjini Cairo, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Katika Marekani, Ed Roberts alipoozeshwa na polio akiwa kijana wa miaka 14. Idara ya serikali ya California iliyowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ilisita kumlipia masomo, kwa kumhesabu kuwa mtu asiyeweza kufanya kazi. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akalala katika hospitali ya chuo, kwa kuwa mabweni hayakuweza kuipokea mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Yeye na wenzake walisababisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu kuanzishwa hapo mwaka 1970. Mwaka 1975 akafanywa mkuu wa idara ileile iliyokuwa imemkatia tamaa. Siwataji watu hawa ili nidai kwamba mwenye ulemavu hana budi kuwa waziri ndipo astahili kitabu. Mwanafunzi wa kawaida anastahili kitabu cha kawaida. Nawataja kwa sababu wakataji wa bajeti hudhani wanajua mapema ni nani atakayefaa, na historia imewaaibisha.

Mwenye hoja atasema: wanafunzi hawa ni wachache, na shilingi zinazomhudumia mmoja zingewahudumia kumi. Hoja hii haina ubaya wa moyo, nami sitaidharau. Lakini uchache wao haukushuka kutoka mbinguni. Wengi walichujwa katika shule ya msingi isiyokuwa na mwalimu wa nukta nundu, na wengine katika sekondari isiyokuwa na mkalimani. Kumnyima mtu kwa sababu wenzake ni wachache, nasi tunajua jinsi walivyopunguzwa, ni kuufanya udhalimu wa jana kuwa shahidi wa udhalimu wa leo. Tena, kama wingi ndio kipimo cha pekee, darasa langu la ushairi lingefungwa kabla ya mengine yote. Na wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ajali moja ya barabarani yatosha kumhamisha mjumbe wa kamati kutoka fungu la wengi hadi fungu la wachache.

Mwingine atasema: haki haiumbi fedha. Ni kweli. Mfuko mtupu haujazwi na insha. Ila haki ina uwezo wa kupanga foleni. Yale yawezayo kupungua bila kumtoa mtu nje ya mlango yapungue kwanza. Wale watakaobeba mzigo waulizwe kabla ya kukata. Katika kamati yetu hapakuwa na hata mmoja wao, na ukimya wao tuliuhesabu kuwa ridhaa. Yako pia mambo mengi ambayo gharama yake ni fikira tu. Kuhamisha darasa kutoka ghorofa ya tatu hadi chini ni kazi ya kalamu. Mwalimu atakayetoa orodha ya vitabu majuma sita kabla ya muhula amempa mtu wa nukta nundu muda wa kufanya kazi yake. Maandishi yaliyopigwa chapa katika kompyuta husomwa na programu ya sauti, lakini picha ya ukurasa uliokunjamana ni giza kwa programu hiyo kama ilivyo giza kwa msikilizaji wake. Vyuo navyo vyaweza kushirikiana, ili kitabu kilichokwisha geuzwa mahali pamoja kisigeuzwe mara ya pili. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulifungua njia hiyo kwa vitabu vya wasioona, hata kuvuka mipaka ya nchi.

Hata hivyo nina tahadhari moja. Fikira za mwalimu na wema wa wanafunzi wenzake visigeuzwe kuwa kisingizio cha kumwachisha kazi mkalimani. Rafiki anayekusomea leo ana mtihani wake kesho. Na mtu anayelazimika kuomba kila asubuhi hulipa ada ambayo haimo katika hesabu za chuo. Hulipa kwa heshima yake.

Mwaka uliofuata nilirudi katika kamati na ombi moja: kwamba kitengo kile kiandikwe pamoja na umeme na maji, yaani katika matumizi ambayo bila hayo chuo si chuo. Tulibishana mchana kutwa. Fungu la karatasi lilirudishwa. Fungu la yule mgeuzaji wa vitabu halikurudishwa. Kwa hiyo siwezi kumwambia msomaji kwamba nimelipa deni langu. Nimelipa sehemu, nami nawadai wenzangu tulipe iliyobaki.

Mwanafunzi yule alihitimu. Siku ya kuondoka aliniachia kile kitabu kilichochelewa, akasema hana haja nacho tena, kwa kuwa amekwisha kihifadhi moyoni. Kiko mezani pangu ninapoandika. Ni mashairi ninayoyafundisha kila mwaka, lakini nikipitisha vidole juu ya kurasa zake siambulii hata neno moja. Mbele ya kitabu hiki mimi ndiye nisiyeweza kusoma, wala hapana mtu aliyewahi kuniona kuwa gharama.