Ada ya Mja Kunena

Waingereza wana msemo wao wa kumtaka mtu aenende kama anenavyo. Wazee wetu wa pwani nao wametuachia wao: ada ya mja kunena, muungwana ni kitendo. Twaujua sana. Lakini kuujua si kazi.

Desemba 2017, kwenye daraja la Kamukuywa, katika njia itokayo Kitale kwenda Webuye, magari yaligongana na watu zaidi ya 10 wakafa. Kamukuywa ni mbali nasi, lakini habari zile zilituliza. Katika darasa letu tukazungumza juu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo ategemee. Tukakumbushana kanuni za mwaka 2004, zilizoitwa kwa jina la waziri John Michuki, zilizolazimisha mikanda vitini na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Tukakata shauri kwamba apandaye gari lililojaa kupita kiasi, kisha likimpata la kumpata akasema ni kudra, hakumfunga ngamia wake.

Haukupita mwezi tukaenda mazikoni Malindi. Wakati wa kurudi jua limekwisha kuchwa, ikaja matatu ya watu 14, na 14 wote wamo. Utingo akasema, "Songeni kidogo, jamaa." Tukasonga. Aliyetusomesha habari za ngamia alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa na kuingia. Bibi mmoja mtu mzima, aliyekwisha kukaa, akasema, "Mwanangu, niteremshe." Akashuka na kikapu chake, wala nauli yake hakurudishiwa. Nasi, twaona haya kuliandika, tulifurahi, kwa kuwa kiti chake kilibaki.

Tulipokutana tena, mmoja wetu akatoa rai kwamba tusiyaseme tena mambo haya, maana kuyasema ni unafiki. Rai hii ina sura ya unyenyekevu, lakini hatuikubali. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 44, wanalaumiwa wanaoamrisha mema na kujisahau wenyewe. Na Ibn Kathir ameeleza kwamba lawama ni kwa kule kujisahau, si kwa kuamrisha. Anyamazaye kwa sababu hakutenda ana makosa mawili badala ya moja, na utingo huzidi kupata nguvu. Wala tusiseme kwamba tulikosa pa kulala. Malindi tuna jamaa, na misikiti iko. Tulitaka vitanda vyetu tu.

Basi darasa linaendelea. Sasa safari za mazikoni huanza asubuhi, na atakayechelewa hulipiwa gari la pili kutoka mfuko wetu. Safari mbili mambo yalikwenda vyema. Ya tatu mfuko ulikuwa mtupu, na wawili katika sisi wakarudi kwa kusongana. Hatukuwaona; wametuambia wenyewe.