MAGHALA YA WAZEE WETU: TUTUPE NINI, TUSHIKE NINI?



Katika kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, kijana mmoja wa kanisa alitaka kubomoa ghala la marehemu babu yake. Alisema: «Sisi ni watu wa sala. Ghala hili lilifungwa hirizi mdomoni. Tena ni tupu. Afadhali tujenge pale chumba cha kupangisha.» Bibi yake hakubishana naye. Alimwuliza tu: «Na mbegu utazilaza wapi, mjukuu wangu?» Wakaja kwetu tuwaamue. Siku ile tuliwajibu nusu nusu. Leo tunataka kujibu vizuri, kwa maana swali hilo si la nyumba moja.

Tuanze na neno la hirizi. Mwezi wa Aprili 1921, kule Nkamba, Tata Simon Kimbangu alipoanza kazi aliyopewa na Bwana, aliwaambia watu waache hirizi, waache ngoma za uchafu, waache kuoa wake wengi. Watu walitii, wakatupa dawa zao. Lakini hatukupokea kwa wazee wetu kwamba aliwaamuru watupe majembe, au vyungu, au maghala. Alitenganisha kitu kilichomfunga mtu na kitu kilichomlisha mtu. Basi kijana huyu alikuwa na haki juu ya hirizi: ifunguliwe, ichomwe. Je, ghala lilikosa nini? Hirizi ilikuwa hofu ya babu. Ghala lilikuwa kazi ya mikono yake, na upendo wake kwa watoto.

Wazee walifanya kazi hiyo kwa akili nyingi. Ghala lilisukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, likakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe ili wadudu wasipite. Liliinuliwa juu ya mawe au miti, ili unyevu wa ardhi usipande na mchwa aonekane kabla ya kufika. Paa la nyasi lilishuka chini kuzuia mvua ya upepo. Mdomo ulikuwa mdogo na uko juu, ili mwizi asichote upesi, na mwenye nyumba naye asichote bila kufikiri. Maharagwe yalichanganywa na majivu. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto jikoni, moshi uyalinde. Hata ndugu zetu Warundi, ng'ambo ya mto, wana ghala la namna hiyo, nao huliita ikigega.

Sasa neno la pili: ghala ni tupu. Ni kweli, lakini tuulize kwa nini. Tangu vita vya Oktoba 1996, watu wa Uvira, wa bonde na wa milima wamekimbia mara nyingi. Aliyejaza ghala nje aliwajazia wenye bunduki. Ndiyo sababu wengi walianza kuweka gunia chini ya kitanda, na wengine kuuza mavuno yote wiki ile ile kwa bei ya chini, kisha kununua chakula kile kile kwa bei ya juu kabla ya mavuno mengine. Hatuwalaumu. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kubeba ghala. Na mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 hapa Uvira, tuliona kwamba hata akiba ya ndani ya nyumba huchukuliwa na maji pamoja na nyumba.

Lakini jambo moja linatutia uchungu. Hofu imetufundisha kula kama watu wasio na kesho. Mtoto aliyezaliwa katika mbio, asiyeona ghala likijazwa, atajuaje kwamba mtu anaweza kunyima tumbo lake leo kwa ajili ya mwingine wa kesho? Nabii Yoeli alipolia juu ya nchi yake, alilia hata juu ya maghala yaliyobomoka. Alijua kwamba ghala likianguka, si udongo peke yake unaoanguka.

Wengine watatuambia: Bwana Yesu alimkemea tajiri mwenye maghala, katika Luka 12. Msomeni vizuri tajiri huyo. Yeye ndiye aliyetaka kubomoa maghala ya zamani! Kosa lake halikuwa kuweka akiba. Alisema na nafsi yake peke yake; katika shauri lake hakuna mjane, hakuna mgeni. Yusufu naye alijenga akiba huko Misri, akaweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na njaa ilipokuja aliwafungulia watu wote, hata ndugu zake waliomwuza. Maghala ni mamoja, mioyo ni miwili.

Basi jibu letu ni hili. Tutupe hirizi, tutupe uchoyo, tutupe hofu. Tushike ghala. Mwenye pipa la plastiki alitumie, si dhambi. Lakini palipobaki ghala la wazee, lisiachiwe mchwa. Vijana, nendeni kwa wazee mkaulize fito gani, udongo gani, nyasi gani, kabla hawajalala na maarifa yao. Na kila parokia yenye uwanja na usalama isimamishe ghala moja, kila nyumba ilete kopo moja la mbegu wakati wa mavuno, ili mjane na aliyerudi kutoka ukimbizini wapate cha kupanda. Upendo, amri na kazi, mambo matatu tunayofundishwa, yote yataonekana pale.

Yule kijana alifungua hirizi, akaichoma mbele ya bibi yake. Ghala bado limesimama. Paa linavuja upande mmoja, nasi tumeahidi kupeleka nyasi kabla ya mvua ya Septemba. Mtuombee tusisahau ahadi hiyo.

Amani ya Bwana ikae nanyi. Amina.