Tairi Lililoingia Kirahisi

Kijana mmoja wa Charambe, kule Mbagala, alirithi Phoenix ya babu yake. Ilikuwa baiskeli ya kazi hasa: fremu nyeusi, breki za vyuma, karia pana ya kufungia magunia. Kwa miaka mingi babu aliitumia kuleta mkaa mjini kutoka upande wa Mkuranga. Matairi yake yalikuwa yamekwisha hadi nyuzi zinaonekana. Kijana akayavua, akawapa watoto wa jirani wayaviringishe, kisha akapanda daladala kwenda Kariakoo. Dukani akasema: "Shikamoo mzee. Naomba matairi mawili ya Phoenix, ishirini na nane."

Hatari ilianzia kwenye maneno hayo.

Muuzaji alimpa alichoomba. Matairi yalikuwa yameandikwa 28 x 1.75, nayo hayakuingia. Fundi wa kijiweni alilivuta la kwanza kwa mikono, akalishindilia kwa bisibisi mbili, akaitoboa tyubu, mwisho akakata tamaa. "Mdogo wangu, hili silo lake. Karudishe." Dukani wakambadilishia bila maneno, wakampa 28 x 1½. Safari hii la mbele lilikaa sawasawa. La nyuma likaingia vizuri kupita kiasi: fundi hakugusa hata bisibisi, alilisukuma kwa vidole gumba mpaka likaisha. Wote wawili wakafurahi. Kijana akaona hasara yake yote ni nauli ya kurudi Kariakoo na kiraka kimoja cha tyubu.

Wiki hiyohiyo akafunga magunia mawili ya mkaa, akajaza upepo mwingi ili tairi lihimili mzigo, akaingia Barabara ya Kilwa. Kwenye mteremko tairi la nyuma likapanda juu ya ukingo wa ringi. Tyubu ikachomoza, ikapasuka, na tairi likajisokota kwenye fremu gurudumu likagoma kuzunguka. Kijana akaanguka mkono ukiwa chini ya magunia. Dereva wa daladala aliyekuwa nyuma yake aliwahi kukanyaga breki, na ni kwa sababu hiyo tu kwamba tunazungumzia mkono uliovunjika na si msiba.

Baadaye wakubwa wa nyumbani walikumbuka jambo ambalo kijana hakulijua. Gurudumu la nyuma halikuwa la Phoenix. La asili liliharibika zamani, babu akafunga la baiskeli ya mtumba kutoka Japani. Tairi kuukuu lilipookotwa uani na kusafishwa tope, ubavuni lilisomeka wazi: 27 x 1⅜.

Fundi simlaumu sana, na kijana simlaumu kabisa. Namba yenyewe ndiyo inayodanganya. Hiyo 28 ni inchi za kimo cha nje cha tairi likiwa na upepo, si kipimo cha ringi. Tairi la 28 x 1½ na lile la 28 x 1.75 ukiyasimamisha ukutani yanakaribiana kimo kabisa, yote yakiwa na milimita kama 715. Lakini tairi linashikwa na waya wake wa ndani, na huko ndani ni mambo mawili tofauti. Tairi la Phoenix, kama lilivyo la Raleigh za zamani zenye breki za vyuma, hukaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Lile la 28 x 1.75 ni la 622. Mzunguko wa waya wake unapungua kwa zaidi ya sentimita 4, na waya hauvutiki. Hata mngekuwa wanaume sita na bisibisi kumi, mngeishia kuliharibu.

Gurudumu la Kijapani la 27 x 1⅜ nalo ni la milimita 630. Tofauti yake na 635 ni milimita 5 tu, na uchache huo ndio wenye hatari. Tairi linapwaya kwa sentimita moja na nusu ya mzunguko, linaingia bila ubishi, na likiwa na upepo kidogo linaonekana limekaa. Mzigo na msukumo wa hewa vikiongezeka, waya unatafuta pa kutokea. Tairi dogo hukugomea pale pale kwa fundi, ungali umesimama. Lililozidi kidogo hungoja hadi uwe barabarani.

Mtego huu unazinasa hata baiskeli ndogo. Kuanzia Tandika hadi Tegeta utakuta baiskeli za Japani zenye kikapu mbele, nyingi zikiwa za 26 x 1⅜, yaani milimita 590. Mwenye nayo akiomba "ishirini na sita" anaweza kupewa 26 x 1.75, ya baiskeli za milimani, ambayo ni 559. Wajapani wenyewe huongeza herufi kwenye mpira: WO kwa ile ya kwanza, HE kwa ya pili. Baadhi ya baiskeli za Kiingereza za zamani zilitumia 26 x 1¼ ya milimita 597. Tairi hilo kwenye ringi ya 590 litapwaya kama lilivyopwaya la kijana wetu, na zaidi.

Kwa hiyo iangalieni sehemu ya mwisho ya namba. Ikiandikwa kwa sehemu, kama 1½, usikubali iliyoandikwa kwa nukta, hata kama hesabu ya darasani inasema ni sawa. Robo tatu ni 0.75, lakini tairi la 26 x 1¾ ni la ringi ya 571 na la 26 x 1.75 ni la 559.

Utaratibu wa kimataifa wa ISO 5775 ulikuja kuondoa utata huu. Matairi mengi ya sasa yana namba mbili zenye kistari katikati: 40-635 maana yake unene wa milimita 40 na ringi ya 635. Phoenix inataka 40-635, na viwanda vya India na China bado vinayatengeneza. Gurudumu la babu lilitaka 37-630.

Usitupe tairi kuukuu kabla jipya halijafungwa. Soma namba ya kila gurudumu peke yake, mbele na nyuma. Maandishi yakiwa yamefutika, vua tairi, pima ringi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha toa kina cha pale waya unapokaa, pande zote mbili. Tairi likiingia, jaza upepo nusu, zungusha gurudumu polepole na utazame mstari mwembamba unaolizunguka tairi karibu na ringi. Ukiona mahali umepanda na kwingine umezama, toa upepo ulikalishe upya. Ukikataa kunyooka, usipande.

Nanyi wauzaji wa spea, andikeni namba ya milimita kwenye rafu zenu, na mteja akija na "ishirini na nane" peke yake, mwambieni arudi nyumbani akasome ubavu wa tairi kwanza.