Mkoba Mbele ya Sijda



Wanaoswali upande wa akina dada katika msikiti wetu wa chuo wanajua tunavyofanya na mikoba. Hakuna anayeiacha nje pamoja na viatu, kwa sababu ndani mna simu, kompyuta na nauli ya taksi. Kila mmoja huuweka wake mbele, karibu na ukuta au nyuma ya visigino vya aliye safu ya kwanza, kisha anatia nia. Swala ikiisha anaunyanyua na kwenda darasani.

Muhula uliopita nilikuwa na mkoba mpya. Ulikuwa wa rangi ya udongo, una mnyororo wa rangi ya dhahabu, na mbele yake herufi mbili kubwa ambazo kila mtu wa mjini anazijua. Adhuhuri moja niliinua kichwa kutoka kwenye sijda, macho yangu yakaangukia herufi zile. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu takbiri ya kwanza nilikuwa nikifikiria jambo moja tu: kama dada aliyesimama kulia kwangu ameuona. Imamu alikuwa katika rakaa ya tatu, nami sikukumbuka hata moja.

Naandika makala haya kwa sababu ya rakaa zile, na kwa sababu ya jambo jingine baya zaidi nililolifanya wiki hiyohiyo.

Kwanza nieleze mkoba ulivyopatikana. Niliununua katika arkedi moja katikati ya mji kwa shilingi 130,000. Muuzaji hakunidanganya. Aliniambia waziwazi kwamba ni feki, ila ni feki ya daraja la juu, hakuna atakayejua. Pesa ilikuwa ya matumizi aliyonitumia mama. Na mama yangu anauza mikoba. Ana meza yake Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, anauza mikoba ya mitumba, au mivumba kama tunavyosema hapa Kampala. Ningeweza kuchukua mkoba wa ngozi halisi mezani kwake bila kulipa hata senti. Sikutaka. Niliona haya kubeba kitu kilichotoka kwenye robota.

Sasa jambo la pili. Alhamisi ya wiki hiyo, kwenye darsa letu la baada ya Alasiri, alikuja dada wa mwaka wa kwanza. Vitabu vyake alivibeba ndani ya kaveera nyeusi. Mmoja wetu akasema kwa utani kwamba leo tumepata mgeni kutoka sokoni. Tulicheka. Sikuwa mimi niliyesema, lakini nilicheka. Yule dada naye alicheka kidogo. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Nilicheka nikiwa nimepakata mkoba wenye umri wa siku nne, mimi niliyelelewa na kusomeshwa na meza ya sokoni.

Tangu siku hiyo najiuliza: kosa lilikuwa wapi hasa? Je, ni katika kupenda kitu kizuri? Ni katika bei? Ni katika ufeki? Au ni mahali pengine ambapo hatupaangalii?

Tuanze na uzuri, kwa sababu wengi wetu hukimbilia kulaumu hapo. Dini yetu haikukataza uzuri. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud, ambayo imo katika Sahihi Muslim, mtu mmoja alimwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kisha akaeleza kiburi ni nini: kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo mpaka upo, lakini haupiti kati ya nguo nzuri na nguo mbaya. Unapita ndani ya moyo wa mvaaji, mahali anapowaweka wenzake.

Wala tusiseme kwamba mapambo ni upuuzi mtupu. Watu wa kwetu wamewahi kuyashikilia kwa sababu nzito. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mavazi yalimtangaza mtu kabla hajafungua mdomo. Watumwa walivaa merikani na kaniki za bei ya chini. Viatu na kufunika kichwa vilikuwa alama za waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizikimbilia kanga za rangi, na baadaye buibui. Mtu angeweza kuwaambia wanapoteza pesa. Lakini wao walikuwa wanasema kwa kitambaa neno ambalo hawakuruhusiwa kulisema kwa miaka mingi: mimi pia ni mtu.

Hapa kwetu Buganda pia, nguo za kigeni na dini yetu zilipita njia moja. Tunamkumbuka Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu mbele ya kiti cha enzi. Alikuwa mfanyabiashara. Misafara ya pwani ilileta vitambaa vya pamba katika nchi iliyovaa lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, na vitambaa hivyo vikawa kwanza mali ya ikulu na ya wale ambao Kabaka aliwapendelea. Vilibadilishwa na pembe za ndovu na, tukiri, na binadamu. Kwa hiyo ni tangu zamani kwamba hapa kitu kilichotoka mbali kinampa aliyekivaa cheo. Mkoba wangu wa arkedi ni mjukuu wa bafta ile.

Basi mtu akitaka kuheshimiwa, simcheki. Swali langu ni juu ya njia.

Njia yangu ilikuwa ya uongo, na hili lazima nilikubali. Iko hadithi aliyoipokea Asma binti Abu Bakr, katika Bukhari na Muslim. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume kama ana kosa akijionyesha kwa mke mwenzake kwamba amepewa na mume vitu ambavyo hakupewa. Mtume akamfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Nilipoisoma tena hadithi hii nilishangaa ilivyo karibu nasi. Mwanamke yule hakuiba kitu cha mtu wala hakumtukana mtu. Alitaka tu kuonekana amependwa zaidi. Nami nilitaka tu kuonekana nimetoka nyumba nyingine.

Rafiki yangu mmoja hosteli alinipinga. Alisema: kila mtu Kampala anajua mikoba hii ni feki, mwanafunzi hawezi kubeba mkoba wa mamilioni ya shilingi ndani ya taksi ya Wandegeya, basi nani amedanganywa? Hoja yake ina nguvu. Lakini kama hakuna anayedanganyika, kwa nini herufi ziwekwe pale? Mkoba uleule bila herufi ungeuzwa kwa bei ndogo zaidi, na mimi nisingeununua. Nilizilipia herufi kwa matumaini kwamba hata mtu mmoja ataamini. Nia ya kudanganya haiondoki kwa sababu wasikilizaji hawakuamini. Tena alama ile ni ya mtu mwingine. Louis Vuitton alianzisha nyumba yake Paris mwaka 1854, na mwanawe Georges alibuni zile herufi zilizofumana mwaka 1896 ili kuwashinda waigaji. Hata wakati huo watu walikuwa wanaiba sura ya kazi ya mwenzao. Leo herufi zilezile zilizowekwa kuzuia wizi ndizo zinazoibwa.

Je, basi mwenye uwezo wa kununua orijino amesalimika? Uongo ameuepuka. Lakini tutazame anachokinunua. Mwezi Juni 2024 mahakama ya Milano, Italia, iliiweka chini ya usimamizi wake kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba, baada ya uchunguzi wa karakana za wakandarasi zilizowatumikisha wafanyakazi katika hali mbaya. Nyaraka za kesi zilitaja mkoba ulioshonwa kwa euro 53 na kuuzwa dukani kwa euro 2,600. Katika hizo 53 ngozi haimo. Lakini hata ukiongeza ngozi, kodi ya duka na mishahara ya wauzaji, bado sehemu kubwa ya bei inabaki bila kitu cha kushikwa mkononi. Sehemu hiyo ni jina. Au mkoba wa Birkin wa Hermès, uliobuniwa mwaka 1984 kwa sababu Jane Birkin, akiwa mama mwenye mtoto mdogo, alimlalamikia mkuu wa kampuni ndani ya ndege kwamba hapati mkoba unaomtosha. Haja ilikuwa ya kweli. Mwezi Julai 2025 ule wa kwanza kabisa, umechakaa na una mikwaruzo, uliuzwa mnadani Paris kwa euro milioni 8.6. Hakuna mtoto ambaye nepi zake zinahitaji mkoba wa bei hiyo.

Kinachouzwa, kwa feki na kwa orijino, ni kitu kimoja: jinsi watu wengine watakavyokutazama. Na hapa ndipo nilipoanza kuona kosa lilipo. Kitu hicho hakitengenezwi Paris wala Milano wala katika arkedi ya mjini. Tunakitengeneza sisi. Mwenye mkoba hawezi kujipa mtazamo huo mwenyewe. Ni lazima sisi tumpe.

Kumbukeni kisa cha Qarun katika Surat al-Qasas. Alitoka mbele ya watu wake katika mapambo yake. Qur'ani haituelezi alivaa nini. Inatueleza waliokuwa wakitazama walisema nini: walitamani wangekuwa na mfano wa alichopewa, wakamwona mwenye bahati kubwa. Na ardhi ilipommeza pamoja na nyumba yake, inawarudia tena watazamaji walewale wakijishukuru kwamba hawakuwa yeye. Tumezoea kusoma kisa hiki kama onyo kwa tajiri. Mimi sasa nakisoma kama onyo kwa walio kando ya njia, yaani sisi. Bila macho yale, mapambo ya Qarun yalikuwa uzito tu wa kubeba.

Sisi akina dada tunajivunia kwamba hijabu imetufanya sawa, na ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini nafsi ina hila. Ilipokosa nywele na shingo pa kuonyeshea cheo, ilihamia kwenye mkoba, viatu, saa na simu. Na ndugu zetu wa kiume wasijione wamepona. Nimewasikia wakilinganisha raba na saa nje ya mlango wa msikiti. Tunaingia katika nyumba ambamo tajiri na maskini wanagusana mabega, tukiwa tumebeba mizani ya kuwapimia walio kando yetu.

Nilimweleza mama habari yote likizo ilipofika. Nilimtarajia anigombeze. Aliuchukua mkoba, na kama anavyofanya kwa kila mkoba unaofika mezani kwake, hakuutazama mbele. Aliupindua ndani nje. Akaonyesha karatasi ngumu iliyojazwa badala ya ngozi, na uzi ulioanza kuachia. Akasema, "Wamejitahidi kwa nje." Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwezi ule ulikula nini?"

Nilikuwa nimekula chapati na chai kwa wiki tano. Sikumjibu.

Nilimtafuta pia yule dada wa mwaka wa kwanza. Nilimwomba radhi hosteli kwake. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, akasema hakuja tena kwa sababu ana vipindi vya jioni. Huenda ni kweli. Sikumlazimisha aseme zaidi. Niliketi chini kwake, naona kaveera ileile imetundikwa msumarini, vitabu vimepangwa vizuri ndani yake, na nikafahamu kwamba kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuja kwenye darsa na kitu cha kusomea.

Siwaambii mtupe mikoba yenu. Kutupa kitu kinachofaa ni israfu, na wangu bado naubeba mpaka uzi umalizike. Ila nimejiwekea maswali mawili kabla ya kununua pambo lolote. La kwanza: ningekitaka kitu hiki kama hakuna ambaye angekiona? La pili: nikiingia nacho msikitini, nani atajiona mdogo? La kwanza linanihusu mimi. La pili linamhusu mwenzangu, nami naogopa zaidi kuulizwa hilo la pili siku ambayo hakuna mtu atakayekuja na mkoba.

Na kwa kuwa bei ya mikoba hii inatoka machoni petu, kila mmoja wetu anaweza kuipunguza kidogo. Wanafunzi wapya watafika muhula ujao. Baadhi yao watakuja na kaveera. Tuwasogezee nafasi, tuwaulize majina yao na wanasoma nini, na macho yetu yaishie usoni mwao.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulivyocheka, na azisafishe swala zetu na vitu tunavyovitanguliza mbele yake. Amin.