Mgeni Kwenye Sikukuu ya Uhuru

Mtu anaweza kweli kufurahia uhuru ambao si wake? Swali hili lilinipata Ghana, tulipokuwa huko kwa kongamano la maombi na tarehe 6 Machi ikatukuta. Kwao hiyo ndiyo siku, kama 12 Desemba ilivyo kwetu. Cape Coast yote ilikuwa watoto wa shule wakipiga gwaride, bendi zikivuma mpaka unazisikia kifuani, na bendera ya nyekundu, dhahabu na kijani yenye ile nyota nyeusi. Mzee mmoja akanipa kibendera. Nikakishika, lakini nikajiuliza, si huku ni kwa watu? Mimi napunga nini?

Wako ndugu ambao wangenijibu mara moja: uraia wetu uko mbinguni, bendera za dunia zatuhusu nini? Nawaheshimu. Lakini Paulo aliyeandika hivyo Wafilipi 3 ndiye yule yule wa Matendo 22 aliyemwambia akida kwamba yeye ni raia wa Rumi, asije akapigwa viboko bila hukumu. Anayedharau uhuru wa hapa chini mara nyingi ni yule hajawahi kuukosa.

Kuhusu kibendera changu, jibu nililipata kwa Nkrumah. Usiku ule wa 1957 aliwaambia watu wake kwamba uhuru wa Ghana hauna maana usipounganishwa na ukombozi wa Afrika nzima. Na Kenya usiku huo ilikuwa wapi? Hali ya hatari tangu 1952, Kenyatta amefungwa Lokitaung, maelfu wako kambini. Desemba 1958 Tom Mboya, kijana wa miaka 28, akaongoza mkutano wa watu wa Afrika yote hapo hapo Accra. Kwa hivyo walipoandaa karamu yao walituwekea kiti. Nikapunga bila haya.

Ningeishia hapo ningerudi nyumbani nikiwa na furaha tu. Lakini mchana tulipelekwa kwenye ngome. Chini kuna vyumba vya giza walimofungiwa watumwa wakingoja meli. Juu ya chumba cha wanaume, mwongozaji anakuonyesha mahali palipokuwa kanisa. Hebu isome tena hiyo: kanisa, juu ya gereza. Kasisi wa ngome hiyo kuanzia 1766 hadi 1816 alikuwa Philip Quaque, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Cape Coast yenyewe. Waingereza walipiga marufuku biashara hiyo 1807. Hesabu mwenyewe ni Jumapili ngapi.

Kuwahukumu waliokufa ni rahisi, hata hakuhitaji Roho Mtakatifu. Mimi nilikuwa nawaza aliye hai anayeimba juu ya uhuru: yuko nani chini ya sakafu yake?

Musa alilijua jambo hili. Pasaka yenyewe, Kutoka 12, mgeni hakuila mpaka atahiriwe. Lakini kwenye Kumbukumbu 16, sikukuu za majuma na za vibanda, anataja kwa majina watakaofurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Na anatoa sababu: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Yaani aliyekombolewa hapewi ruhusa ya kusherehekea huku mwingine anamhudumia tu.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Madaraka Dei inafika, wageni wamejaa sebuleni, nyama iko motoni, televisheni inaonyesha gwaride. Msichana wa kazi ameamka saa kumi na moja kukanda chapati. Anakula saa ngapi? Anakula wapi? Mara ya mwisho kwenda kwao kumwona mamake ilikuwa lini? Dada mmoja wa ushirika wetu aliniambia, "Lakini mtumishi, siku hiyo namwongezea pesa." Ni vizuri, aendelee, wengi hata hilo hawafanyi. Ila kwenye ile orodha ya Musa mjakazi hakuandikwa kati ya wanaolipwa. Ameandikwa kati ya wanaofurahi, jina lake likiwa mstari mmoja na la binti wa mwenye nyumba, na siku hiyo binti naye anaweza kuosha vyombo.